Kutoka Wimbo hadi Usemi: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Mgonjwa wa Kiharusi Nyumbani

Nyumba nyingi za Mombasa zimeliona jambo hili. Mzee ameruhusiwa kutoka hospitali, mkono wake wa kulia umelegea, na akitaka maji anabaki na "ile... ile..." mpaka machozi yanamlengalenga. Jioni jamaa wanaketi kumsomea, na wakianza Fatiha, yeye huyo anaipokea na kwenda nayo hadi mwisho bila kukwama. Kule Changamwe ni mama asiyeweza kulitaja jina la mwanawe, ila wimbo wa kanisani anauimba ubeti mzima. Jirani mmoja atasema ni muujiza, mwingine atanong'ona kwamba mgonjwa anajifanya. Hajifanyi. Kiharusi kimeziba njia moja ya maneno kichwani, na nyingine imesalia.

Lakini tuelewane mapema. Kumwimbisha nyimbo anazozijua, peke yake, hakumrudishii usemi. Anaweza kuimba kutwa nzima na kesho yake ashindwe kuomba chai. Kazi yenyewe ni kuichukua nguvu ya wimbo, kuitia ndani ya sentensi fupi anayoihitaji, kisha kuuondoa wimbo kidogo kidogo mpaka ibaki sentensi tupu. Hapo ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wimbo una mahali pa kuachwa.

Nimeandika kwa ajili yako uliye naye nyumbani: binti, mke, mjukuu, au dada wa kazi anayeshinda naye. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, na hata ukimpata mmoja, saa anazokaa na mgonjwa wako ni chache kuliko zako.

Jueni kwanza kilichoharibika

Mtu akishindwa kusema baada ya kiharusi, yaweza kuwa mojawapo ya mambo matatu, au yote kwa pamoja.

Afasia ni kuharibika kwa lugha yenyewe: kulipata neno, kuunga sentensi, kuelewa, kusoma na kuandika. Karibu thuluthi moja ya waliopatwa na kiharusi huipata. La pili ni ulimi mzito, ambao madaktari huuita disathria. Huyu maneno anayo yote na kwa mpangilio wake, ila misuli ya mdomo ni dhaifu, kwa hiyo anasikika kama mtu mwenye tonge kinywani. La tatu ni apraksia ya usemi: neno analijua, misuli ina nguvu, lakini ubongo unashindwa kuupangia mdomo mwendo wake. Utamwona anaupinda mdomo hivi na hivi akiitafuta sauti ya kwanza.

Kupima kidogo nyumbani kunawezekana. Kama alikuwa msomi wa kalamu, mpe karatasi aandike kwa mkono wa kushoto. Akiandika sentensi iliyonyooka, hata kwa mwandiko mbovu, lugha yake ni salama, na tatizo liko kwenye misuli au kwenye kuupangia mdomo mwendo. Kisha pima kuelewa. Mwambie "gusa pua", halafu "nionyeshe dirisha", halafu "fumba macho kisha uguse sikio". Usimwonyeshe kwa mkono wala usilitazame dirisha unaposema, maana wagonjwa wa afasia ni hodari wa kusoma macho ya mtu. Familia nyingi huapa kwamba mzee anaelewa kila kitu, kumbe anafuata ishara.

Wenye afasia nao hawafanani. Wako wanaoelewa mengi lakini hutoa neno mojamoja kwa taabu. Mwaka 1861, daktari wa Ufaransa Paul Broca alimweleza mgonjwa wa namna hiyo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisema "tan" tu; alipofariki, jeraha likaonekana mbele, upande wa kushoto wa ubongo. Wako wengine ambao maneno yanawamwagika, sauti inapanda na kushuka vizuri, ila huwezi kushika maana, na wenyewe hawajui kwamba hawaeleweki. Hao walielezwa na Carl Wernicke wa Ujerumani mwaka 1874. Mazoezi ya kuimba yaliyo hapa chini ni ya yule wa kwanza: anayeelewa vya kutosha, maneno yamemkauka, na ana hamu ya kusema. Wa pili nitamgusa baadaye.

Kwa nini wimbo unapita pasipopita neno

Kwa watu wengi, hasa wanaotumia mkono wa kulia, lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, kwa hiyo kupooza kwa kulia na kupotewa na maneno huandamana. Kupanda na kushuka kwa sauti ya wimbo hutegemea sana upande wa kulia, ambao kwa mgonjwa huyu haukuguswa. Na kuna maneno ya kuhifadhi: sura, sala, kuhesabu, siku za wiki, salamu. Hayo hayamlazimu mtu kuunga sentensi upya, hutoka kama yalivyoingia. Matusi pia yamo humo, ndiyo maana mzee mtaratibu anayeshindwa kusema "maji" anaweza kumtukana nesi kwa ufasaha na familia ikatamani ardhi ipasuke. Msimkasirikie.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Uswidi aliandika habari za kijana aliyepoteza usemi akabaki na "ndiyo" tu, lakini kanisani akiimba na wenzake maneno ya nyimbo yalikuwa yakitoka wazi. Kuna pia mtunzi wa muziki wa Urusi, Vissarion Shebalin, aliyepatwa na viharusi mwaka 1953 na 1959. Kusema na kuelewa maneno kulimwia vigumu mno, lakini aliendelea kutunga muziki hadi karibu na kifo chake mwaka 1963.

Kuligeuza jambo hilo kuwa tiba kulifanyika Boston, Marekani. Mwaka 1973 Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm walieleza njia ya kumfundisha mgonjwa sentensi fupi kwa sauti ya kuimba huku mkono wake wa kushoto ukigonga mdundo, kisha wimbo unapunguzwa. Tangu hapo wataalamu wanabishana kinachofanya kazi ni nini. Gottfried Schlaug na wenzake wameonyesha mabadiliko katika nyuzi za upande wa kulia wa ubongo kwa waliofanya mazoezi hayo kwa wingi. Benjamin Stahl na wenzake, Ujerumani, walionyesha mwaka 2011 kwamba mdundo na maneno ya mazoea vina mchango mkubwa kuliko sauti ya wimbo yenyewe. Mimi naona kwa aliye nyumbani ubishi huo una faida moja kubwa: usione haya kwa kuwa huna sauti nzuri. Shika mdundo, hiyo inatosha.

Niseme pia ukweli ambao wauza matumaini hawausemi. Njia hii humsaidia mgonjwa zaidi katika zile sentensi alizozifanyia mazoezi. Kuhamia kwenye maneno mengine ni kugumu. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2014 uliwaonyesha walioanza miezi ya mwanzo wakinufaika. Mwingine wa 2016, kwa waliokuwa na afasia ya muda mrefu, ulipata faida ndogo. Kwa hiyo chagua sentensi kwa akili, na usingoje mwaka upite.

Kabla ya zoezi la kwanza

Kumeza ndiko kwa kuangaliwa mbele ya yote. Kiharusi huharibu kumeza pia, na maji mepesi ndiyo hatari zaidi kwa sababu hukimbilia njia ya pumzi na kuleta homa ya mapafu. Ukiona anakohoa akinywa, sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, au chakula kinabaki shavuni, acha kumpa kitu kwa mdomo na umwone daktari. Nasema hivi nikijua desturi zetu: kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya, huletwa kwa nia njema, na mgonjwa hunyweshwa akiwa amelala chali. Kisomo hakigombani na tiba, na mgonjwa aliyeshika dini hutulia akisomewa. Lakini kama hajapimwa kumeza, asinyweshwe chochote, na akinywa awe ameketi wima.

Dawa za presha na sukari ziendelee kila siku, hata akionekana mzima. Miwani yake ivaliwe, meno ya bandia yawekwe, na kama alikuwa na shida ya kusikia tangu zamani, hilo nalo likumbukwe. Nimeona familia ikilia kwamba mama haelewi, kumbe miwani iko kwenye mkoba wa hospitali.

Hatua ya kwanza: chagueni maneno yenye kazi

Kaeni na daftari siku mbili tatu mwandike kila mara mgonjwa anapohangaika kutaka kitu. Msianze na "huyu nani?" na "hii nini?" Kumtajisha kikombe, kijiko na saa ni mtihani, na mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa huchoka haraka kutahiniwa na wajukuu. Tafuteni maneno ambayo akiyasema, kitu kinatendeka.

Anzeni na sentensi tano au sita tu, za mizani (yaani silabi) tatu hadi tano. "Washa feni." "Sitaki." "Chooni." "Naumwa." "Nimechoka." "Nataka chai." Joto la Mombasa lilivyo, mimi huanza na feni: hitaji ni la kweli, jibu linaonekana papo hapo, na halina hatari ya kumpalia. "Sitaki" isikosekane. Mgonjwa asiyeweza kukataa hulishwa, huogeshwa na hugeuzwa kama watu watakavyo, na hasira nyingi zinazoitwa ukaidi zinatoka hapo.

Ongezeni jina moja la mtu, la yule anayeitwa mara nyingi zaidi.

Hatua ya pili: gawa mizani, uipe sauti mbili

Hapa Kiswahili kinatubeba. Wenye kujua shairi wanajua kuhesabu mizani vidoleni, na kila mzani ni pigo moja la mkono. Wa-sha-fe-ni: mapigo manne. Ni-me-cho-ka: manne. Cho-o-ni: matatu. Angalia ile "m" inayosimama peke yake: m-tu ni mapigo mawili, m-to-to ni matatu, lakini mbuzi ni mbu-zi, mawili.

Kisha weka sauti mbili, moja ya chini na moja ya juu kidogo, bila makeke. Mkazo wa neno la Kiswahili huwa kwenye mzani wa pili kutoka mwisho, basi huo ndio uende juu. Washa feni: WA juu, sha chini, FE juu, ni chini. Nimechoka: ni na me chini, CHO juu, ka chini. Naumwa: na chini, U juu, mwa chini. Imba polepole, karibu mzani mmoja kwa sekunde, na uuvute ule wa juu. Ukisikika unachekesha, basi mwendo ni sawa.

Kosa kubwa hapa ni kuipachika sentensi kwenye wimbo unaojulikana. Ukiiweka "washa feni" ndani ya taarab anayoipenda, kumbukumbu itamburuta kwenye maneno ya taarab na feni itasahaulika. Sauti iwe yenu wenyewe, fupi na kavu.

Hatua ya tatu: mahali na wakati

Wakati mzuri ni asubuhi, ameshastaftahi na jua halijawa kali, na tena baada ya Alasiri. Dakika 15 hadi 20 kwa kila kikao zinatosha mwanzoni, lakini iwe kila siku. Uchovu wa baada ya kiharusi ni mkubwa kuliko uonekanavyo. Akianza kukosea maneno aliyoyapata dakika tano zilizopita, amechoka, si mvivu. Zima televisheni. Nyumba za Majengo na Kisauni zina kelele za tuktuk na boda, basi tafuta chumba cha ndani na ufunge mlango. Mtu mmoja tu ndiye awe mwenye zoezi. Watoto wakijaa mlangoni kumcheka babu anayeimba "washa feni", zoezi limekwisha na huenda lisirudi.

Keti mbele yake, uso wako usawa na wake, ili auone mdomo. Shika mkono wake wa kushoto na uuweke juu ya meza au paja.

Hatua ya nne: zoezi lenyewe

Tufanye na "washa feni", ili uone kila kiungo.

Kwanza vuma. Mdomo umefungwa, "mm-mm-mm-mm", juu, chini, juu, chini, na kila mvumo ugonge mkono wake mara moja. Yeye asikilize tu. Rudia mara mbili. Kisha imba sentensi na maneno yake, mkono ukiendelea kugonga.

Pili, imbeni pamoja. Mwashirie kwa kidole au kwa kichwa aanze nawe. Mwanzoni huenda likatoka "fe" peke yake, lipokee, endelea.

Tatu, mwachie njiani. Anzeni pamoja, ukifika "fe" nyamaza wewe, ila mkono uendelee kugonga. Hiki ndicho kiungo kigumu kuliko vyote kwa anayesaidia, kwa sababu utatamani kummalizia. Usimmalizie. Ngoja. Ule ukimya unaouona wewe kuwa mrefu, kwake ni muda wa kulitafuta neno.

Nne, imba wewe peke yako, nyamaza, naye airudishe peke yake huku mkono ukigongwa.

Tano, muulize kwa sauti ya kawaida: "Nikufanyie nini?" Naye ajibu kwa kuimba. Na akijibu, inuka ukawashe feni. Hili wengi hulipuuza, wakampigia makofi na feni ikabaki imezimwa. Neno lisipotenda kazi litabaki kuwa wimbo wa darasani.

Akishindwa kiungo kimoja, rudi nyuma kiungo kimoja. Akishindwa tena, iache sentensi hiyo, chukua nyingine, na hiyo muijaribu kesho. Usiseme "hapana, sivyo". Imba tu ile iliyo sawa, kwa utulivu, na uendelee. Akipata viungo vyote vitano siku kadhaa mfululizo bila kusaidiwa sana, sentensi hiyo iko tayari kuvuliwa wimbo.

Kwa nini mkono wa kushoto? Sababu ya kwanza ni ya wazi, wa kulia umelegea. Ya pili ni kwamba mkono wa kushoto unaongozwa na upande wa kulia wa ubongo, na wataalamu wanadhani kuuchezesha huko kunaamsha sehemu jirani zinazopanga mwendo wa mdomo. Hata ikiwa sivyo, kugonga kunampunguza mwendo na kumpa pa kuanzia kila mzani.

Hatua ya tano: kutoka kuimba, hadi kughani, hadi kusema

Hapa ndipo mwongozo wote unapoelekea. Anza kwa kuchelewesha. Imba sentensi, kaa kimya sekunde tano au sita, ndipo umwashirie airudie. Kule kungoja kunamlazimu aishike mwenyewe badala ya kuirusha nyuma kama mwangwi.

Kisha badilisha kuimba kuwe kughani. Anayejua watu wanavyoghani shairi barazani hahitaji maelezo: sauti haichezi tena kati ya noti mbili, lakini mdundo upo, mkazo unavutwa, na neno linatamkwa kwa uzito. Ghanini pamoja, kisha mwachie, kisha aghani peke yake, ngazi zilezile tano. Mkono ugonge mizani yenye mkazo tu: WA na FE.

Mwisho sema kama watu wanavyosema, mkono ukiwa umetulia. Akikwama, asikimbilie msaada wako. Mfundishe agonge mwenyewe pajani, kimya kimya, kisha ajaribu tena. Kugonga huko ni chombo chake cha maisha. Akiwa dukani na neno limemkatalia, anaweza kutia mkono mfukoni akagonga bila mtu kujua.

Sentensi fupi zikishika, refusheni mpaka mizani nane, yaani kipande cha mshororo wa shairi. "Nataka twende sokoni." "Leo mgongo wauma." Kwa watu wengi hiyo ni sentensi ya kutosha kuendesha siku nzima. Msikimbilie zaidi.

Lugha ipi?

Ile aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya kuugua. Daktari wa Ufaransa Albert Pitres alieleza mwaka 1895 kwamba kwa mtu wa lugha nyingi, iliyozoeleka zaidi ndiyo huelekea kurudi kwanza. Haiwi hivyo kila mara, na Mombasa, ambako mtu huamka kwa Kigiriama, akauza kwa Kiswahili na kuandikiana na benki kwa Kiingereza, yoyote yaweza kujitokeza mbele. Msikilizeni siku za mwanzo: anapojikwaa, vipande vinavyomtoka ni vya lugha gani? Kama ni "madzi" ya Kigiriama, basi zoezi liwe la "madzi". Mzee wa Mvita aliyesema "ndoo hapa" na "nina ndaa" maisha yake yote asifundishwe "njoo" na "njaa" za kitabuni. Na mtaalamu akianza kwa Kiingereza kwa sababu kadi zake zimeandikwa hivyo, mwombe kwa adabu abadilishe. Ni haki yenu.

Nyakati nyingine za siku

Dakika 40 za mazoezi hazitashinda saa kumi za kuzungumzwa vibaya. Yeye si kiziwi, usimpigie kelele. Si mtoto, usimwambie "haya babu, sema maaa-ji". Wageni wakija kumjulia hali na kuuliza "anaendeleaje?", msimjibie akiwa ameketi palepale, mwelekezeni swali lifike kwake, hata kama jibu lake ni kidole gumba. Amkio ni maneno ya kuhifadhi, kwa hiyo "masalkheri" na "alhamdulillahi" mara nyingi hutoka bila taabu. Mgeni akimwamkia ipasavyo, mgonjwa ameshasema jambo kamili mbele ya watu, na hilo si dogo.

Jihadharini na "ndiyo". Wenye afasia wengi husema ndiyo wakimaanisha la. Mpe njia ya pili ya kuthibitisha: gumba juu au chini, au kadi mbili zenye alama. Swali la wazi kama "unataka kula nini?" ni zito; mpe viwili, ukivionyesha: mahamri au mkate? Karatasi na kalamu zikae karibu muda wote. Kuonyesha picha kwenye simu, kuchora, kunyoosha kidole, vyote ni kusema, na hakuna ushahidi kwamba vinamfanya awe mvivu wa maneno.

Kwa yule ambaye maneno humwagika bila maana, msihangaike na kumwimbisha kama tiba. Kwake kazi ni kuelewa. Sentensi zenu ziwe fupi, neno la msingi liandikwe kubwa, kitu chenyewe kionyeshwe, na kiganja kiinuliwe taratibu kumwashiria apumzike asikilize. Kumsahihisha kwa ukali hakufai kitu, kwa kuwa masikioni mwake amesema sawa.

Muziki wa kusikiliza tu una faida yake, tofauti na hii. Mwaka 2008 Teppo Särkämö na wenzake huko Helsinki walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kiharusi waliosikiliza muziki waupendao angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili: kumbukumbu ya maneno na umakini wao viliongezeka kuliko kwa waliosikiliza vitabu vya sauti au wasiopewa kitu, na unyonge wa moyo ulipungua. Muziki auchague yeye. Kama ni taarab ya udi na ganuni, iwe hiyo. Kama ni kasida, iwe kasida. Na ikitokea kuwa ni rumba, wenye nyumba wavumilie. Akilia anaposikiliza, msizime haraka. Wakati mwingine ni huzuni, wakati mwingine kiharusi humfanya mtu alie au acheke kupita kiasi bila kukusudia. Lakini akiwa hali, halali na amekataa kila zoezi kwa majuma, mwambieni daktari, maana sonona baada ya kiharusi ni jambo la kawaida na lina dawa.

Mabadiliko makubwa huonekana majuma na miezi ya mwanzo, hasa mitatu ya kwanza. Yule aliyewaambia kwamba baada ya miezi sita mlango umefungwa aliwatia baridi bure: mwendo hupungua, ila watu huendelea kupata maneno hata baada ya miaka.

Ikitokea ghafla mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea upya, au maneno aliyokwisha kuyapata yakapotea, acheni kila kitu. Andikeni saa dalili zilipoanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Mkiwa Likoni, hesabuni na foleni ya feri. Msimpe aspirini wala chochote cha kumeza njiani.

Mkipata miadi ya mtaalamu wa tiba ya usemi, iwe Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, au kwengineko, msiende mikono mitupu. Chukueni daftari la sentensi, mkionyesha ipi imefika kiungo cha ngapi. Rekodini kwa simu dakika mbili za mgonjwa akijibu "nikufanyie nini?" nyumbani kwake, maana mbele ya mgeni mwenye koti jeupe huenda asitoe hata neno moja. Pelekeni barua ya kutoka hospitali na picha ya kichwa kama mnayo. Kisha muulizeni mambo matatu: je, ni afasia peke yake au ipo na apraksia, je, kumeza kumepimwa, na sentensi zipi sita zifuate.